Nakala za Mama Karatasi

Kila Ijumaa, kabla hajagusa fedha ya mtu, Mama Karatasi alifumba macho, akaweka viganja juu ya daftari na kusali. Sala yenyewe ilikuwa fupi kuliko foleni iliyomngoja ngazini: Mungu, kisicho changu kisinate mkononi mwangu. Kisha alifumbua macho, akachomoa kalamu aliyoichomeka kwenye kilemba, akaita, "Wa kwanza, njoo!"

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda kupitia mbao za sakafu, na mgeni hakukaa saa nzima bila kuumwa kichwa. Yeye alisema ameizoea, kama mke anavyozoea mkoromo wa mumewe. Mezani palikuwa na kompyuta, kikokotoo chenye kitufe cha saba kilichofutika, na kitabu cha vikaratasi chenye karatasi ya kaboni katikati. Ukiandika juu, maandishi yanatokea na chini. Ya juu alipewa muuzaji. Ya chini iliingia kwenye maboksi ya viatu yaliyokuwa chini ya meza, miguuni pake.

Fedha zenyewe zilikwenda kwa simu, hakuna aliyehitaji kupanda ngazi kuzifuata. Lakini Mama Karatasi hakumlipa mtu mpaka aje, akisome kikaratasi chake kwa sauti, na kutia sahihi. Ndiyo asili ya jina lake.

"Mama, nisomee mwenyewe," alisema Fundi Viatu, mzee mwenye vidole vilivyokolea gundi. "Macho yangu yanajua ngozi tu."

"Basi jifanye hii ni ngozi. Mnunuzi kalipa ngapi?"

"Elfu kumi na mbili."

"Humo elfu mbili ni nini?"

"Kodi ya mauzo."

"Ya nani?"

"Ya serikali. Ingawa naitamani."

"Itamani kwa macho. Imebaki elfu kumi, ndiyo bei ya viatu vyako. Kamisheni ya soko ni moja ya kumi. Nimeikata kwenye kumi au kwenye kumi na mbili?"

"Kwenye kumi, mama. Huwezi kula kamisheni juu ya kitu ambacho si changu wala si chako."

"Kwa hiyo unapata?"

"Elfu tisa, na kelele zako."

Foleni nzima ikacheka. Fundi Viatu akatia sahihi yake, iliyofanana na uzi uliokatika, akashuka.

Soko hilo halikuwa na meza wala mabanda. Lilikuwa kwenye mtandao: fundi anapiga picha ya kiatu, mshonaji anapiga picha ya mkoba, mnunuzi aliye mbali anachagua, analipa kwa soko, na soko linamlipa muuzaji baada ya kukata kamisheni. Mwenye soko alikuwa mdogo wake Mama Karatasi, yule wa mwisho, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata alipoota mvi mbili tatu kidevuni.

Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka sita, naye dada akiwa na kumi na tisa. Mama hakuacha mali. Aliacha maneno, na aliyasema akiwa amemshika binti yake kifundo cha mkono: "Huyu usimwachie dunia." Na kweli hakumwachia. Aliacha masomo ya ualimu yakiwa nusu, akaajiriwa kukaa nyuma ya kioo cha duka la vifaa vya ujenzi, akapokea fedha za misumari na saruji kwa miaka kumi na tano. Mshahara huo ndio uliomsomesha Kitinda. Aliolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume. Katika yote hayo karo ya Kitinda haikuchelewa hata muhula mmoja. Watu walipomwambia anajichosha, alijibu kwamba mbeleko haichagui mtoto.

Kwa hiyo Kitinda alipokuja na wazo la soko, hakumwomba. Alimwambia tu, "Dada, wewe ndiye nitakayekukabidhi hesabu. Nikimweka mgeni ataniibia."

Alicheka sana siku ile. Baadaye, kila alipolikumbuka neno hilo, hakucheka.

Mwaka wa kwanza soko liliwapa wauzaji kila kitu, bei pamoja na kodi yake, na kila mtu akaambiwa aende mwenyewe ofisi ya kodi kuipeleka. Ilikuwa sawa na kumpa paka nyama akupelekee kwa jirani. Fundi Viatu alinunulia ngozi ile kodi. Bi Mikoba, mshonaji wa mikoba na mtu mwenye mdomo kuliko sindano zake, alilipia kodi ya nyumba, akisema kodi ni kodi. Mwisho wa mwaka zikaja barua na faini, wauzaji wakaja juu.

Hapo Mama Karatasi akatoa rai yake. Aliitoa mwenyewe, hakutumwa na mtu, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote. Alisema soko libaki na ile kodi, liitenge kwenye akaunti yake peke yake, na kila baada ya miezi mitatu liipeleke serikalini kwa niaba ya wauzaji. Mkutano ulifanyika dukani chini, katikati ya makopo ya rangi.

"Tukuachie fedha yetu ulale nayo?" aliuliza Bi Mikoba.

"Si yenu."

"Haya, ya serikali. Ulale na ya serikali? Si ndiyo inayowanoga watu zaidi?"

"Dada yangu, mimi nimekaa nyuma ya kioo miaka kumi na mitano. Ningekuwa na mkono mrefu, leo ningekuwa na duka la saruji, nisingekuwa napanda ngazi hizi na goti bovu."

"Na huyo mdogo wako?" Bi Mikoba alimwelekezea kidevu Kitinda, aliyekuwa amesimama mlangoni akitabasamu na simu yake. "Naye ana goti bovu?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Karatasi hakucheka. "Huyo nimemlea mimi," alisema. "Kama mna shaka naye, mna shaka nami. Niachieni. Ikipotea hata mia, njooni kwangu, msiende kwake."

Wakamwachia. Hawakumwachia Kitinda, wala soko. Walimwachia yeye.

Akaunti ikafunguliwa kwa jina la soko, yeye akiandikwa msimamizi wake. Kitinda ndiye aliyemwekea mambo ya benki kwenye simu, maana yeye simu aliijulia kupiga, kupokea na kusoma aya ya asubuhi. Alipoambiwa achague namba ya siri ambayo hataisahau, hakufikiri mara mbili. Aliweka tarehe ya kifo cha mama yao, ya benki na ya kufungulia simu pia. Kila mwaka siku hiyo yeye na binti yake walikwenda kaburini, wakang'oa magugu, wakasali, wakarudi. Kitinda alikuwa na kazi siku hiyo, mwaka baada ya mwaka. Mara ana mkutano, mara gari limeharibika, mara kasahau. "Tarehe ngapi vile, Dada?" aliuliza mwaka mmoja. Akamtajia, bila kinyongo.

Mara mbili za mwanzo alipeleka kodi mwenyewe, kwa miguu yake, akarudi na stakabadhi yenye muhuri na kuibandika ukutani ili kila anayepanda aione. Mara ya tatu Kitinda akamwambia utaratibu umebadilika. "Siku hizi ni mtandaoni, Dada. Na anayetuma lazima awe mkurugenzi. Wewe nipe hesabu tu, mimi nitamalizia."

"Na stakabadhi?"

"Inakuja kwenye simu. Hii hapa." Akamwonyesha picha yenye nembo, tarakimu ndefu, na neno IMELIPWA kwa herufi za kijani.

"Nichapie nibandike."

"Wino umeisha, Dada. Kwani huniamini?"

Mtu aliyemsomesha Fundi Viatu kikaratasi kwa sauti kila Ijumaa, aliyemrudisha Bi Mikoba kutoka chini ya ngazi kwa sababu sahihi haikugusa mstari, kwa mdogo wake aliridhika na picha kwenye simu. Aliridhika mara tatu mfululizo, miezi tisa. Akiba ilipungua kwenye akaunti siku ileile ambayo ilipaswa kupungua, kwa kiasi kilekile, na neno lilikuwa la kijani. Hakuona sababu ya kuuliza mtoto aliyembeba kama anasema kweli.

Katika miezi hiyo soko lilistawi. Kitinda alinunua gari la kusambazia mizigo, jeupe, lenye picha ya mkoba ubavuni. Akapanga ofisi nyingine upande wa pili wa mji, yenye vioo na kiyoyozi. "Tunakua, Dada," alisema, na yeye akamshukuru Mungu kwa hilo, akitaja gari katika sala zake ili lisipate ajali.

Barua ya kwanza ilimfikia Fundi Viatu. Alipanda ngazi Jumanne, siku isiyo yake, ameishika barua kwa ncha za vidole kama iliyonyeshewa.

"Mama, mimi nimekosa nini?"

Aliisoma. Ilisema fundi anadaiwa kodi ya mauzo ya miezi tisa, pamoja na faini. Mama Karatasi akatabasamu kabisa. "Baba, hii ni ofisi yao imejichanganya. Hawa watu karatasi zao huwa wanaziwekea chai juu. Kaa, unywe maji. Nakwenda sasa hivi."

Akavaa viatu vyake vya kutokea, ambavyo fundi yuleyule ndiye aliyemshonea, akaenda na simu yenye zile picha tatu, kwa maana alikuwa amemwomba Kitinda amtumie. Afisa wa kodi aliyempokea alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mwenye umri wa binti yake. Aliandika tarakimu za picha ya kwanza kwenye kompyuta, akangoja. Akaandika za pili. Aliziandika za tatu polepole zaidi.

"Mama, hizi umepewa na nani?"

"Na mkurugenzi wetu."

"Ni ndugu yako?"

Swali hilo lilimshangaza. "Umejuaje?"

Yule kijana akavua miwani. "Kwa sababu mtu mwingine ungemdai karatasi. Naona ulivyojaza fomu za mwanzo, hukuacha hata nukta. Mama, hakuna stakabadhi zenye namba hizi. Tangu ile uliyoleta mwenyewe kwa mkono, soko lenu halijaleta kitu."

Benki haikuwa mbali. Karani alimchapishia mwenendo wa akaunti, ukurasa mmoja na nusu. Mara tatu fedha zote zilikuwa zimehamishwa, lakini hazikwenda serikalini. Zilikwenda kwenye akaunti ya matumizi ya soko, na kutoka hapo kwa muuza magari na kwa mwenye jengo la vioo.

"Nani aliidhinisha?" aliuliza.

"Ni wewe, mama. Namba ya siri iliwekwa, mara zote tatu. Labda kama kuna mwingine anayeijua."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha benki mpaka mlinzi akamletea maji. Watu wawili tu duniani waliijua tarehe ile vya kutosha kuiweka bila kubahatisha, mbali na binti yake. Mmoja alikuwa ameketi hapo. Wa pili alikuwa ameikumbuka mara tatu katika mwaka ule mmoja, yeye ambaye hakuwahi kuikumbuka hata mara moja kwa ajili ya mama.

Hakupiga simu. Alikwenda kwenye ile ofisi ya vioo.

Kitinda alimwona kutoka mbali, akainuka kumpokea, akamvutia kiti kinachozunguka. Alikataa kukaa. Alimwekea ule ukurasa na nusu mezani.

"Nisomee," alimwambia. "Kwa sauti."

"Dada..."

"Wote husoma. Soma."

Kitinda alitazama karatasi, akatazama mlango, akaufunga. "Nilikopa tu. Ningerudisha msimu huu. Dada, kodi haina haraka, serikali haifi njaa. Bila gari tungemezwa na masoko makubwa, na hao mafundi wako wangerudi kuuza barabarani. Nimefanya kwa ajili yao."

"Na zile picha?"

"Kuna kijana mtaalamu wa kompyuta alinitengenezea."

"Ukamlipa?"

"Kidogo."

"Naye alikupa stakabadhi?"

Kitinda akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akaanza kwa sauti ya chini, ile sauti aliyokuwa akiitumia utotoni kila alipovunja kitu. "Sikiliza, lipo jambo la kufanya. Serikali inawadai wauzaji kwa sababu haijui kama sisi tuliwakata. Kinachoonyesha kwamba tuliwakata ni vikaratasi tu. Vya kwao wameshavitupa, unawajua. Vimebaki vya kwako. Maboksi yale."

"Ndiyo."

"Yasipokuwepo, kila fundi atalipa yake kidogo kidogo. Hakuna atakayeumia sana. Lakini yakienda kule, Dada, tunaumia mimi na wewe. Na tazama vizuri kila kikaratasi kina sahihi ya nani upande wa soko. Si yangu."

Alimwelewa neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza alimwona si kama mtoto aliyevunja kitu, bali kama mtu mzima aliyehesabu mapema, tangu mwanzo, kwamba kitakapovunjika kionekane mkononi mwa nani. "Mama aliniambia nisikuachie dunia," alisema. "Kumbe dunia ndiyo nilipaswa kuiambia ijihadhari nawe."

Alishuka kwa ngazi. Lifti ilikuwepo, lakini hakutaka kungoja mbele ya ule mlango.

Vikaratasi vya wauzaji vilikuwa vimepotea kweli. Habari zilipoenea, barua nazo zikazidi, kila mmoja alipekua kwake. Bi Mikoba vya kwake alivifanyia ruwaza za mifuko ya ndani. Fundi Viatu, alipoulizwa, alishika kichwa: alikuwa akivikunja na kuvijaza kwenye pua za viatu vipya ili visibonyee safarini. Ushahidi wa malipo yake ya mwaka mzima ulikuwa umetumwa kwa wateja, ndani ya viatu.

Mkutano wa pili ulifanyika palepale, kati ya makopo ya rangi. Mama Karatasi alikuwa amejiandaa kusema, lakini Kitinda aliwahi. Aliongea vizuri, kwa huzuni, akiwa ameweka mkono kifuani. Alisema soko limepata pigo. Alisema yeye ni mtu wa mipango, hesabu hakuzishika. "Mnajua wenyewe kodi ilikuwa kwa nani. Msimamizi wa akaunti ni Dada. Mimi siwezi kumsema vibaya, amenilea. Namwombea tu."

Hakuwa amemtukana. Alikuwa amemwombea, na kila mtu akageuka kumtazama anayeombewa.

Bi Mikoba alisimama. "Ulisema ikipotea hata mia tuje kwako."

"Nilisema."

"Tumekuja."

Angeweza kueleza hapo hapo habari za namba ya siri na picha za kijani. Alifungua kinywa, akaziona nyuso zao, akatambua kwamba maelezo yote yangeanza na neno *mdogo wangu*, na kwamba udugu huohuo ndio aliowapa kama dhamana mara ya kwanza. Akasema tu, "Kesho saa nne nipo ofisi ya kodi. Anayetaka aje."

Nyumbani binti yake alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, maboksi matatu ya viatu mbele yake kama wagonjwa wa kuombewa. Akasikia maneno machache. Mama hakuwa akiomba aokolewe. Alikuwa akiomba asimchukie, tena akilitaja jina la nyumbani, Kitinda, mara nyingi, kama anayeita mtoto aliyepotelea sokoni.

"Mama, ukivipeleka watakufunga wewe," binti alisema.

"Nisipovipeleka nitakuwa nimemla Fundi Viatu mara mbili."

Asubuhi alibeba maboksi mawili, binti akabeba moja. Wauzaji saba walikuwa wameshafika, wamesimama barazani bila kumsalimu. Afisa kijana alifungua boksi la kwanza, akatoa nakala moja, akaishika kwenye mwanga. Maandishi ya kaboni yalikuwa ya samawati, mengine yamefifia, lakini mistari yote minne ilisomeka: alicholipa mnunuzi, kodi, kamisheni, kinachobaki. Chini, sahihi mbili. Akatoa nyingine, na nyingine. Zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, zimefungwa kwa raba kila mwezi.

"Mama," alisema mwishowe, akiinama ili wengine wasisikie, "nakala hizi zinawaokoa wao. Kodi walishakatwa, deni si lao tena. Ni la soko. Lakini wewe zinakuingiza ndani ya soko. Umenielewa? Nikizipokea siwezi kukurudishia."

"Ziandike umezipokea," alisema. "Unipe karatasi."

Kijana akamwandikia. Mama Karatasi akaisoma kwa sauti, akatia sahihi, akaikunja na kuiweka kifuani. Kisha akaomba kiti, akaeleza yote, pamoja na namba ya siri na ilikuwa tarehe ya nini. Hakumficha mdogo wake, wala hakumwongezea. Barazani, kupitia dirisha lililokuwa wazi, wale saba walisikia. Fundi Viatu alivua kofia. Bi Mikoba alitazama chini.

Serikali ililiandikia soko deni, na waliotakiwa kulilipa walikuwa wawili: mkurugenzi na msimamizi wa akaunti. Gari jeupe liliuzwa, na picha ya mkoba ubavuni. Ofisi ya vioo ikarudishwa kwa mwenyewe. Sehemu iliyobaki iligawanywa kwa awamu za miaka mitatu. Mama Karatasi aliuza kiwanja alichokuwa amenunua kwa mshahara wa nyuma ya kioo, ambacho tayari alikuwa amekwishapima vyumba viwili na ukumbi kwa hatua za miguu yake. Kilichobaki alikilipa kidogo kidogo, akifanya hesabu za mafundi nyumbani kwake, maana walikuja kumwomba. Bi Mikoba ndiye aliyekuja wa kwanza. Alimletea mkoba mpya, mweusi, wenye mfuko wa pembeni.

"Huu wa nini?"

"Wa karatasi zako, mama. Maboksi ya viatu yanakudhalilisha."

Ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, nayo ikapokelewa.

Kitinda alikaa miezi kumi na minne bila kufika. Alikuwa amefungua soko jingine, safari hii kwa jina la mkewe. Alipokuja alikuja na matunda, akakaa ukingoni mwa kochi, akazungumzia mvua na bei ya mafuta. Mwishowe akasema, "Dada, yale mambo. Shetani alinipitia."

"Alipita mara tatu?"

Akainamisha kichwa. Mama Karatasi alimtazama kwa muda mrefu. Aliona mvi zake zilivyoongezeka, akaona pia, penye kisogo, lile kovu dogo la utotoni alilolifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa. Akamega chungwa, akampa nusu.

"Nimekusamehe," alisema. "Nilikusamehe zamani, kwa sababu mimi nami nina Mungu ninayemdai msamaha. Lakini namba ya siri nimebadilisha."

Kitinda alitabasamu kidogo, akangoja pengine aambiwe ya sasa ni ipi. Hakuambiwa. Walikula chungwa.

Alilipa awamu ya mwisho akiwa ameanza kuumwa, figo, na karatasi ya kumaliza deni aliiomba aletewe kitandani. Aliisoma kwa sauti mbele ya binti yake, kutoka muhuri mpaka tarehe. Wiki ya pili yake Mungu akamchukua, alfajiri, midomo ikiwa bado kwenye sala. Apumzike kwa amani.

Mazishini Kitinda alilia kuliko wote. Alisimama akasema dada yake alikuwa mama, baba na shule. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na waliomjua walimsikiliza wakitazama miguu yao. Fundi Viatu alikuwa nyuma, amevaa jozi ya viatu kama ile aliyomshonea marehemu.

Siku ya tatu ndugu waliketi kupanga vitu vyake. Havikuwa vingi: nguo, daftari, mkoba mweusi uliojaa karatasi, na ile simu ya zamani. Binti alisema humo kuna picha za familia ambazo angependa kuzitoa, lakini namba hakuwahi kuambiwa.

"Leta," alisema Kitinda kwa upole. "Namjua Dada."

Akaandika tarehe ya kifo cha mama. Simu ikakataa. Akafikiri, kisha uso ukamlainika, akaandika siku aliyozaliwa yeye mwenyewe, akibonyeza kila tarakimu kwa uhakika wa mtu anayejua alivyopendwa. Ikakataa. Akajaribu mwaka aliomaliza shule, ule ambao dada yake alicheza mpaka akapoteza kiatu. Simu ikatetema mkononi mwake, ikaandika kwamba imefungwa.

Alibaki ameishika. Binti akamnyooshea kiganja, naye akamrudishia, na binti akaiweka ndani ya mkoba mweusi, juu ya karatasi, akavuta zipu.